Kwa Kocha Hervé Kerdoncuff: Namba Sita wa Orodha Yako ya Mwisho

Mwaka umetimia, Hervé wetu, tangu Ijumaa ile ulipotoka nyumbani na orodha mfukoni, usifike nayo kwa Odile.

Kwa miaka arobaini Ijumaa zako zilifanana. Saa tano na nusu asubuhi ulikata kipande cha kalenda ya jikoni, ya mwezi uliokwisha, ukaandika nyuma yake kwa penseli majina kumi na moja na ya akiba watatu. Ukavaa kofia, ukatia selotepu mfukoni, ukashuka mtaa wa kanisa hadi mgahawa wa Odile, kuibandika orodha kwenye kioo kwa ndani. Nje watu walikungoja na miavuli yao. "Kocha, golini leo umemweka nani, mkweo?" Hukuwajibu. Ulibandika, ukanywa kahawa, ukarudi kula.

Tarehe 11 Oktoba ulianguka kando ya ukuta wa kanisa. Odile alikufikia wa kwanza, lakini moyo wako ulikuwa umekwisha kusimama. Alipotuletea kofia yako alituletea na ile karatasi. Namba sita ulikuwa umeandika: Gwenaël.

Mwanao Gwenaël alikuwa na miaka hamsini na mmoja siku hiyo. Ana goti bovu na lori la kukusanya maziwa. Hajagusa mpira tangu mwaka 1993. Wengine wote kumi ni vijana wa sasa, kila mmoja mahali pake. Ulisahau? Ulikuwa unatania? Hadi leo hatujui.

Tunakukumbuka ulivyoichukua timu ya Plouvenez ukiwa bado unafunga makopo ya njegere kiwandani, ukaja mazoezini ukinuka njegere. Uliipandisha daraja mara mbili, ikashuka mara tatu, na hesabu hiyo haikukunyima usingizi. Klabu moja kubwa ya jijini ilipokutaka, ulimuuliza yule bwana kwenye simu, "Na huku nani atapiga chokaa mistari?" ukakata. Mvua ikinyesha Jumamosi nzima, Jumapili alfajiri ulikuwa uwanjani unaipiga upya. Aliyefungisha timu ulimnunulia soseji iliyofungwa kwenye chapati ya ngano nyeusi, ukala naye kimya. Hukumtukana mchezaji hata mmoja. Wakikulalamikia ulisema neno lako moja: "Orodha ni orodha."

Neno hilo ndilo lililoumiza nyumba yako. Ile Januari ya 1993, Plouvenez ilipopangiwa timu ya daraja la kwanza katika Kombe la Ufaransa, mji mzima ulihamia uwanjani, na kamera za televisheni zikaja. Gwenaël alikuwa na miaka ishirini, kiungo wako bora. Ijumaa jina lake halikuwamo, hata kwenye akiba.

"Mwanao mwenyewe, Hervé?" mkeo Maryvonne alikuuliza mbele ya watu, pale pale kwenye kioo.

"Orodha ni orodha."

"Basi kale hiyo orodha yako!"

Mlifungwa moja bila. Siku kumi na moja Maryvonne alikuwekea supu mezani bila kukusemesha. Baadaye akakusemesha, mkazeeka pamoja, mkacheka, lakini jambo hilo hakukusamehe. Gwenaël naye akatundika viatu. Alikuja kula kila Jumapili, na mlizungumza habari za ng'ombe na bei ya mafuta.

Vijana wako walikuheshimu kupita kiasi. Jumapili iliyofuata mazishi walibandika orodha yako vilevile ilivyo, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Wakaingia uwanjani kumi.

"Wa kumi na moja yuko wapi?" mwamuzi aliuliza.

"Anakusanya maziwa," alijibu nahodha wako Loïg.

"Mna watatu wa akiba pale wamekaa!"

"Hao ni wa akiba, bwana mwamuzi. Orodha ni orodha."

Walikula mabao matano. Mji mzima ulicheka na kulia, na kwa Odile watu waligawanyika. Wako waliosema mzee akili zilikuwa zimeanza kumtoka. Wengine walisema mzee alijua. Binti yako Enora alikumbuka kwamba wiki uliyoanguka ulimwita kwa jina la dada yako. Daktari alisema yote yanawezekana. Tulitoka kwake tukiwa hatujui zaidi ya tulivyoingia.

Mjukuu wako Nolwenn akalishusha kopo la biskuti ulimoweka orodha zote, akazipanga sakafuni mwaka kwa mwaka. Ya Januari 1993 aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Namba sita karatasi ilikuwa imekwanguka. Chini ya jina la mwingine, penseli iliyofutwa ilisomeka bado: Gwenaël. Kumbe ulimpanga. Halafu ukamfuta. Tulizidi kuchanganyikiwa.

Jumapili iliyopita, baada ya misa ya kumbukumbu yako, tulikula nyumbani. Kiti chako kilikuwa wazi. Maryvonne aliiweka karatasi ile ya 1993 kati ya sahani zetu.

"Nataka kujua kabla sijamfuata. Kwa nini alimfuta mtoto wangu?"

Gwenaël aliisogeza pembeni bilauri yake ya pombe ya tufaha.

"Mama, mimi ndiye niliyemwomba."

"Ulimwomba nini?"

"Anitoe. Alhamisi, baada ya mazoezi, tukiwa garini. Wiki nzima nilikuwa natapika kwa woga. Zile kamera, ule umati. Nilimwambia, baba, nitoe, na usimwambie mtu. Mama hasa."

"Naye akasemaje?"

"Aliniuliza kama nina hakika. Basi. Kumbe kesho yake bado aliniandika kwanza."

Enora alitaka kusema neno, Maryvonne akamzuia kwa mkono.

"Na wewe ukaniacha nimnunie mwenzangu miaka thelathini?"

"Niliona haya, mama. Kila Ijumaa nilipitisha lori mbele ya kioo cha Odile, nisome kama amenirudisha. Nilitaka kurudi. Sikumwambia. Nilingoja aniandike, na labda naye alikuwa anangoja niseme."

Hakuna aliyekula tena. Hatujui, Hervé, kama asubuhi ile ulisahau miaka au ulichoka kungoja. Tumeuliza kila mtu isipokuwa wewe.

Unakumbukwa na mwanao Gwenaël, binti yako Enora na mumewe Yannig, mjukuu wako Nolwenn, dada yako Soazig, Odile na vijana wote wa Plouvenez.

Unakumbukwa na mkeo Maryvonne. Jumapili hiyo mezani aliinuka, akakigeukia kiti chako, akasema kwa sauti tuliyoisikia sote, naye ametuagiza tuyaandike maneno yake hapa, ili wasome wote waliomsikia mwaka 1993 mbele ya kioo: "Hervé, nilikosea mimi. Ulikuwa baba mwema, na nilipaswa kukuambia ukiwa bado unakula supu yangu."

Hatutakusahau, siku zote za maisha yetu.