Mama, Tumelala ku Kilio Chako

Mama,

Usishangae minye kukuandikia kutoka inchi ya baridi. Leo hakuna baridi. Ni wakati wa joto, na mbu ya huku ni wengi kupita ya kwetu Ruzizi. Minye Mapendo, mutoto wako wa kwanza, ulisemaka mudomo wangu utanipeleka mbali. Umenipeleka kweli, niko Canada. Na ile kazi yetu, ya kilio chako, nimeimaliza. Ngoja nikuelezee polepole.

Bahati, mudogo yangu, amepata kazi Alberta, mu kiwanda cha nyama. Toka tulifika huku tunakaa wote Winnipeg, mulango wake na wangu inaangaliana. Sasa anahama. Kwa ndege ni safari ya asubuhi tu. Minye nikasema hapana: tutaenda na motokari, minye njo shofa, na ku njia tutalala inje, mu kampingi, kama Wazungu. Bahati akaniangalia kama muntu anaangalia mugonjwa.

Lakini weye unajua sababu. Wakati wa uasi kwetu Kongo, siye tulivuka ziwa Tanganyika, weye ukakataa. Ulisema: "Minye nilikimbia kisha depanda, ile uhuru, tukalala kule ku milima ya Rurambo katikati ya ngombe za watu. Sikimbie tena." Homa ikakukuta kwetu Makobola, watoto wako hawako. Habari ilitufikia mu kambi, Tanzania, wakati kaburi yako imekwisha kuota majani. Na mu kambi hawakukubali muntu awashe moto inje usiku. Basi hatukukulalia kilio inje, kando ya moto, kama desturi yetu. Tulilia chini ya shitingi, ile plastiki ya wakimbizi, nguo mu mudomo, kama watu wameiba. Hakuna mwenye alisimama, kama mutoto wa kwanza anavyosimamaka, kuambia watu kilio kimeisha.

Na kilio chenye hakikumalizwa kinafuata watu, Mama. Nilikibeba miaka yote hii. Sikutaka Bahati aende nacho Alberta peke yake, na minye nibaki na nusu yangu Winnipeg.

Ile njia, ungeiona! Imenyooka mpaka unachoka. Mashamba ya maua ya manjano, kisha ngano, kisha tena manjano. Kwetu muntu anajua kwenye iko: huku milima, huku ziwa. Huku hakuna hata kilima cha mbuzi kupanda. Bahati akasema Mungu alifika hapa siku ya posho, jumamosi, akasema nitarudia kumaliza kesho.

Siku ya kwanza tukasimama mbele ya kutoka Manitoba. Nikasimamisha hema yangu nyekundu, mupya. Bahati akakunja mikono.

"Yaya, weye njo mukubwa, lakini humo siingie. Niliapa mu kambi."

Nikamugombeza, weh! Nikamwambia mama mwenyewe anakungojea, weye unaleta kichwa nguvu! Akaingia mu motokari, akapandisha kioo, akalala hivyo magoti ku kidevu. Minye nikalala mu hema peke yangu na hasira yangu. Asubuhi hatukusemeshana mpaka chai.

Kesho yake tukafika Saskatchewan, mu kampingi moja pembeni ya ka-ziwa. Ka-ziwa, Mama, Tanganyika ingekameza bila kutafuna. Nikaanza tena na hema yangu. Upepo ukakuja, wala haukuomba ruhusa. Hema ikaruka, ikavuka majani, na minye nyuma yake, kitenge mu mukono, Wazungu wanatazama. Bahati alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akaenda kuikamata, akaikunja vizuri, akaifungia nyuma ya motokari. Akarudi.

"Yaya, toka lini watu wanalalaka ku kilio mu hema?"

Nikaketi chini, kitenge ku magoti.

Alikuwa na haki! Wakati nyanya alikufa, si tulilala wote mu kiwanja, juu ya mukeka, kichwa ya huyu ku miguu ya yule? Mutoto wako hakukukataa, Mama. Alikataa plastiki. Na minye na akili yangu yote nilitaka kumurudisha chini ya shitingi, ati ndiyo heshima yako.

Bahati mwenyewe akatandika mukeka. Nikapika fufu na sombe ya majani ya muhogo. Jua ya huku wakati wa joto haitaki kwenda kulala, iliketi na siye kama muntu wa jamaa. Kuni yetu ilikuwa kidogo, ile wanauzishaka mu mufuko. Tukaona muzee mumoja Muzungu anatoka ku nyumba yake ya magurudumu, amekumbatia kuni. Akasema kesho anaenda, zimebaki, tutumie.

Mama, tuliangaliana. Kwetu jirani hafikake ku kilio mikono mitupu. Na wa kwanza analetaka kuni.

Bahati akapokea kwa mikono mibili. "Aksanti, baba," akamwambia kwa Kiswahili chetu. Na hapo, kuni zikiwa bado mu mikono, akalia. "Mama yee! Mama yee!" Kwa sauti yote, kama muntu mukubwa anavyoliaka kwao. Muzee hakukimbia. Akatoa kofia, akaketi ku kiti chetu. Minye pia nikalia, nikalia mpaka fufu ikapoa.

Kisha tukacheka, kama ku kilio chote. Tulikukumbuka vile, ku soko, uliwapigaka ku mikono wauzaji wenzako wenye walionja ndagala yako, ile samaki ndogo, bila kununua. Tukalala juu ya mukeka, bila kitu juu yetu. Mbu zilikula, zikashiba.

Asubuhi nikanawa uso, nikasimama. Mutoto wa kwanza. Bahati akatoa kofia, akangojea. Ni maneno machache tu. Lakini "kila muntu arudi kwake", hapo nikakwama, sababu nilijua nani atatangulia kurudi. Si Bahati. Ni weye. Miaka hii yote nilikushika ku kitenge kama mutoto mwenye anaogopa kupotea ku soko.

Kisha nikasema yote: "Kilio cha mama yetu kimeisha. Kila muntu arudi kwake."

Bahati akasema, "Ndiyo." Tukamwaga maji ku majivu.

Basi enda salama, Mama. Bahati yuko Alberta, ana chumba chenye dirisha mbili, na kila siku ya mungu, jumapili, ananipigia simu akiniuliza sombe inapikwa namna gani. Siku barabara ya Makobola itakuwa salama nitakuja, naapa. Nitafyeka majani ku kaburi yako, niketi hapo, nikusengenyee watu wote wa Winnipeg. Sitakuja kulia. Nitakuja kukutembelea.

Mapendo