Simu ya Mtae Imevuka Bonde

Mtae, Ijumaa usiku

Basi simu imesema. Mungu ashukuriwe, imesema, nami nimeisikia kwa sikio langu.

Tangu tulipopima njia ya waya nilikuwa nalihofia lile bonde. Mkubwa wangu wa Tanga alitaka nguzo zifuate barabara. Mimi nikang'ang'ania waya ukatize bonde, maana barabara huku huporomoka kila masika, na nguzo zingeondoka nayo. Akasema, "Haya, lakini sauti isipopita tunazing'oa, na Mtae watasubiri." Nikawa nawawaza kina mama wajawazito wanaobebwa kwa machela hadi hospitali ya Mlalo, kwa kukosa tu namna ya kuita gari.

Leo tukaunganisha. Mwenyekiti wetu, Mzee Shemdoe, akashika simu. Kule Mlalo alikuwapo mwenyekiti mwenzake, Mzee Kaniki. Kimya. Mzee Shemdoe kakaza macho, hasemi kitu. Nikajua bonde limenishinda.

"Mzee, husikii kitu?"

"Namsikia anapumua," akanijibu. "Ila huyu ni mdogo kwangu. Nangoja aniamkie."

Nikamwomba ile simu. "Shikamoo, Mzee Kaniki."

"Marahaba, baba." Sauti ikaja safi kana kwamba yuko jikoni kwetu. "Mwambie huyo Shemdoe nilipata kipaimara yeye akichunga mbuzi. Namngoja yeye."

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Wazee wale wamegombania shikamoo juu ya waya wangu hadi jioni, na hakuna neno hata moja lililopotea njiani.