Ruhusa Ambayo Sikukuomba

Najma, Doha
Ijumaa, 9 Novemba 2012

Mama mpenzi,

Pokea salamu za mwanao kutoka mji usiojua tope. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na mvua za vuli hazijakatika kama mwaka jana kabla ndengu hazijatoa maua. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, na joto limepungua kiasi kwamba mtu anaweza kutembea mchana bila kujilaumu. Barua hii anakuletea Ann, binti wa Kibwezi anayefanya kazi hotelini huku, ambaye anarudi nyumbani Jumatatu. Nakuomba uisome mwenyewe. Usimpe Hannah akusomee, maana dada yangu atafika mwisho kabla yako na kuanza kupiga simu.

Uliniuliza kama utafiti unaendelea. Unaendelea. Kazi yangu ni kuwauliza watu wetu, walinzi, madereva na wahudumu wa hoteli, jinsi wanavyoishika dini wakiwa mbali na kwao. Nimejaza madaftari manne. Wakisikia naitwa Daktari wananionyesha magoti na meno yao, na nikiwaambia mimi ni daktari wa vitabu tu, wananionea huruma.

Lakini Mama, sijawahi kuwa mpweke namna hii. Huku Wakristo huabudu Ijumaa, kwa kuwa Jumapili ni siku ya kazi. Asubuhi naenda kwa Watakatifu wenzangu wa Siku za Mwisho. Wengi ni Wamarekani na Wafilipino, watu wema, wananipokea vizuri, kisha kila familia inaingia gari lake na kwenda zake. Mchana naenda na daftari langu kwa Wakenya wanaosali pamoja. Wanaimba nyimbo ulizonifundisha wewe. Naimba nao mpaka waniulize kanisa langu, na nikitaja Wamormoni wanatazamana. Chai ikiletwa nasema sinywi, kwa kuwa kanisa letu linaikataza, nao wanaona najidai. Ukikataa chai ya Wakenya ugenini, utaongea na nani tena? Hapo ndipo nakukumbuka wewe, uliyelia nilipobatizwa upya, halafu kesho yake ukanichemshia maziwa matupu.

Aliyenizoea ni Vuai, Mzanzibari anayeniendesha. Ni mtu wa maneno machache, hupenda kunitania kwamba nimesoma mpaka nimesahau kufunga mkanda wa gari. Vuai aliishi miaka sita chumba kimoja na Oloo, Mjaluo wa Siaya, mlinzi katika jengo moja la West Bay. Mwezi wa Ramadhani, Oloo alimpikia mwenzake futari, na siku za kanisa Vuai alimpigia Oloo shati pasi. Agosti mwaka huu, Oloo alianguka kazini akafa, na mwili ukasafirishwa.

Vuai alitaka kupeleka maboksi ya maji ya kunywa msikitini kila Ijumaa, yawe sadaka kwa jina la Oloo. Wenzake walimwambia haitamfikia mtu asiye Mwislamu, lakini hakuwasikiliza. Aliyemsikiliza ni Damaris, mjane wa Oloo. Vuai alimpigia simu Siaya kumwomba ruhusa. Damaris alifikiri siku mbili, kisha akamshukuru sana na kumkatalia. Alisema mumewe alikuwa Mwanglikana, na angependa akumbukwe kwa namna ya kwao. Vuai akamwambia sawa, shemeji, na maji akaendelea kuyapeleka bila jina la mtu.

Ijumaa iliyopita nilimsaidia kubeba maboksi hayo hadi mlangoni. Nikamuuliza, kwa ile sauti yangu ya darasani, kama haikumuuma. Si nia iko moyoni, nikamwambia, Damaris angejuaje? Akaweka boksi chini, akanitazama kama niliyesema jambo la aibu mbele za watu.

“Jina lake si langu, Daktari,” akasema. “Yangu mie haya maji tu.”

Siku hiyo sikuandika kitu kwenye daftari. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani bila kuvua viatu, na tangu hapo nimeianza barua hii mara tano.

Mama, kuna jambo nimekuficha miaka miwili. Unajua kwamba kanisa letu hubatiza kwa niaba ya waliokufa. Mtu aliye hai huingia majini, na jina la marehemu likatajwa. Nilipokwenda Johannesburg nilikuambia ni mkutano wa chuo. Mkutano ulikuwepo, wa siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda hekaluni na jina la Baba, Jeremiah Kyalo Nzioka, nikazamishwa kwa ajili yake. Kabla ya hapo niliulizwa kama mjane ameridhia, maana kanisa lenyewe linataka hivyo. Nikajibu ndiyo. Miaka kumi na mmoja nimefundisha chuoni habari za kuheshimu imani za watu, na mimi huyo huyo nikasema uongo juu ya mama yangu.

Hilo si lote. Baba alinikataza. Kule hospitalini Machakos, ulipotoka kumtafutia uji, nilimweleza ninachotaka. Akanishika mkono.

“Mimi nilibatizwa Mto Athi nikiwa na miaka kumi na tisa,” alisema. “Usinirudishe majini.”

Nikamwahidi. Kisha nikangoja afe.

Nilijiambia nafanya kwa upendo. Sisi tunaamini kwamba marehemu yuko huru kukubali au kukataa, kwa hiyo nikajifariji kwamba simlazimishi. Lakini alikuwa amekwisha kukataa kwa kinywa chake, nami nilimsikia. Ukweli ni kwamba nilifanya kwa ajili yangu. Ninyi nyote ni wa kanisa la AIC, mtazikwa kwa nyimbo zile zile, nami niliogopa kufika huko mbele niwe peke yangu kama nilivyo huku. Nilitaka mtu wetu mmoja upande wangu, nikamchukua yule asiyeweza tena kunizuia.

Sikuandikii kwamba naiacha imani yangu. Bado naiamini, na ndiyo maana naona haya. Nitawaandikia wanaohusika niwaeleze kwamba nilidanganya, ila nimetaka wewe ujue kwanza. Nisamehe, Mama, ukiweza. Ukitaka kumweleza Mchungaji Philipo, mweleze yote, ni haki yako.

Nisalimie Hannah na wanawe, na Mama Herbert wa dukani, umwambie kitambaa chake nimekipata. Mungu akutunze mpaka tuonane.

Nitafika Jumamosi ya tarehe 24, mchana. Najua lango letu halifungwi, na tangu utotoni mimi huingia tu. Safari hii nitapiga hodi na kusimama nje. Usipoitikia, nitaelewa.

Mwanao aliyekukosea,
Cyrus