Kwa Bwana Bado, Mshika Bawa

Mwaka umetimia, Baba, tangu mkono wako uachie bawa, na uwanjani hawajapata wa kulishika kama wewe.

Juma zima ulikuwa unashona viti vya magari. Jumamosi ikifika, hata mteja awe nani, ulifunga karakana ukaenda klabu kwenye zile ndege zisizo na injini. Kuruka hukuruka hata siku moja; wewe hata ukipanda kiti kubadilisha taa, kizunguzungu. Kazi yako ilikuwa bawa. Ndege ya namna hiyo ikiwa chini hulalia upande, na waya wa kuirusha hauanzi kuivuta mpaka mtu ainue ncha ya bawa. Ulizunguka, ukatikisa mlango, ukatazama mkia, ukatazama upepo. Rubani akiuliza kama tayari, ulijibu, "Bado." Ndipo wakakubandika jina, Bwana Bado. Ukisharidhika uliinua bawa na kusema, "Haya. Nenda, urudi."

Nyumbani nako hatukupona. Chai bado haijakolea, viatu bado havijaisha. Mkwe wako hajasahau: alileta posa akaambiwa bado, hata kikombe hajakimaliza.

Jumamosi iliyopita kitindamimba wako aliruka peke yake kwa mara ya kwanza, bila mwalimu kiti cha nyuma. Alitoa sharti moja tu: bawa lishikwe na Mama.

Tulimjia juu. "Tangu msiba Mama hajakanyaga kule. Unataka kumuua?"

"Niacheni niende," Mama akasema. Akatangulia garini.

Uwanjani alizunguka ndege kama ulivyozunguka wewe. Akatikisa mlango, akaenda kushika ncha ya bawa. Mwenye bendera ya kuashiria waya uvutwe alikuwa tayari. Mwalimu akauliza, "Twende, Mama?"

"Bado."

Mwalimu akakagua kila kitu upya, asione kasoro. Akauliza tena.

"Bado," akasema Mama. Upepo ulikuwa umeanza kugeuka na watu wameanza kutazamana. Mtoto akafungua kidirisha.

"Bado nini, Mama?"

"Ndege haina neno, mwanangu. Mimi ndiye bado."

Hakuna aliyecheka. "Basi nakungoja," mtoto akamjibu. "Kwa kina Bado nani ana haraka?"

Hapo Mama akacheka, machozi yanamtiririka, akainua bawa. "Haya. Nenda, urudi."

Waya ukakaza, ndege ikapaa. Mkono wa Mama ulibaki hewani, kasahau kuushusha. Ilikwenda vizuri mpaka mtoto alipogeuza kurudi, upepo ukamkandamiza chini, chini mno, akapotea nyuma ya paa la banda.

"Mtoto wangu yuko wapi?" Mama akauliza. "Si nawauliza? Yuko wapi?"

Tulikuwa tumeshamzika mmoja, na kila mmoja wetu aliliwaza hilo bila kulitamka. Kisha ndege ikaibuka juu ya uzio, ikagusa nyasi, ikadunda kidogo, ikatulia. Mama alitimua mbio, viatu mkononi, akalidaka bawa kabla halijalala.

Tuliporudi nyumbani ndipo akatuambia jambo tusilolijua. Kule hospitali, siku zako za mwisho, ulikuwa ukimtazama kama mtu anayeomba ruhusa, na yeye akikushika mkono na kukuambia, "Bado, baba watoto. Bado." Nawe ukatii, na maumivu yote yale. Uliondoka alipotoka kwenda kuchukua maji, kama mtu anayetoroka zamu. Mwaka mzima hilo limemkaa rohoni, kwamba ulikwenda bila kuagwa.

Unakumbukwa na mkeo, wanao, mkwe wako uliyemchelewesha, wajukuu, dada yako, na wenzako wote wa uwanjani. Hatutakusahau maadamu tunapumua.

Mama ametuomba tuliweke neno lake mwisho: "Haya, baba watoto. Nenda."

Tulingoja amalizie na lile la kurudi. Akasema, "Andikeni hivyo hivyo."