Alama ya Kuuliza ya Mama

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kazi ya wiki hii: alama za kuuliza! Programu ya kituo cha mboga Mgeta ina alama ndogo ya kuuliza pembeni ya kila sehemu, na mimi naunganisha kila moja na maelezo yake. Ukigusa ya Uzito, yafunguke maelezo ya uzito — siyo ya kufuta mkulima! Bosi wangu Ezekiel anasema ni kazi ya kufanya huku unatafuna karanga. Hajawahi kuifanya.

Ila mimi nina langu. Anayepima mboga pale kituoni ni mama yangu. Ijumaa wanaacha karatasi, wanaanza kuandikia programu hii kwenye kishikwambi, na mwenyekiti wa kituo ametangaza: asiyekiweza peke yake, bila kusaidiwa na mtu, ataachia mizani. Mama ameishika mizani ile tangu mimi niko mgongoni. Naogopa kweli.

Jumatano, 11 Juni

Nimepanda Mgeta kufanya majaribio. Baridi hiyo! Mama kaandika jina la mkulima, kaandika kabichi, kakwama. Gusa alama ya kuuliza, mama. Hataki. Eti mashine ndiyo inamuuliza yeye. "Nimeshaiambia kabichi, bado inanihoji! Kwani mimi mwizi?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka.

Nikamfungulia ya Kurekebisha, aone mfano. Maelezo yangu: Hariri taarifa iliyoingizwa kimakosa kabla ya kuhifadhi. Akasoma mara mbili. Akauliza nani anaongea hivi. Mimi, mama. Akanipa pole.

Baadaye jirani yetu Judith akajaribu, akakosea, akaanza kubonyeza ovyo. Mama: "Umekosea? Tulia, mwanangu. Kabichi haijakimbia. Rudi hapo, andika upya." Hayo ndiyo maelezo! Nikayanasa fasta kwenye simu, na mengine yote aliyosema hadi jioni.

Alhamisi, 12 Juni

Nimetupa Kiswahili changu chote cha ofisini, nimeweka maneno ya Mama. Kila alama nimeigusa kuhakiki. Ya Uzito ilikuwa inafungua Kufuta — Mungu wangu! Ezekiel alinuna, kisha akasoma, akacheka. Anasema hajawahi kumaliza kusoma maelezo ya programu yoyote mpaka leo.

Jioni Mama kayasoma, kapiga simu, sauti juu. "Yuliana! Huyu humu ndani ni mimi! Umeniingiza bila hodi!" Amefurahi huyo! Halafu akashtuka: sasa akikwama amuulize nani? Ajiulize mwenyewe? Nikamwambia ndiyo. Akasema huo ni wendawazimu, akakata.

Ijumaa, 13 Juni

Hapa ofisini Kihonda naona kila kinachoandikwa kule, na kila alama inayoguswa. Karoti, sawa. Njegere, sawa. Hongera, mama! Alama — leo hajagusa hata moja. Kiburi hicho nakijua, ninacho pia.

Loo! Kabichi, tenga moja, kilo mia nne. Mia nne! Sifuri imezidi. Tenga gani hilo, la kubebwa na lori?

Haandiki kitu. Mwenyekiti lazima amesimama nyuma yake.

Simu yangu inaita. Mama. Ezekiel ananitazama, anatikisa kichwa: ukipokea umemponza. Najua! Nimeigeuza kifudifudi. Roho inaniuma, mama, nisamehe. Imenyamaza. Inaita tena.

Hee — alama ya Kurekebisha imeguswa! Anasoma maneno yake mwenyewe. Mia nne bado ipo pale pale. Simu imekatika katikati ya mlio. Kakata mwenyewe.