Pikipiki Inamrusha Mama Mkwe Mgongoni Mwangu

Mpendwa mshauri Kathambi, nisaidie, maana nimeaibika mpaka sijui uso niuweke wapi.

Mimi ni mkulima wa kahawa hapa Kanja, mke wangu Wawira ni wa kule Kiambere, na mwaka jana nilinunua pikipiki kubwa ya safari kwa padri aliyekuwa akirudi kwao, si hizi za boda, hii haina kabureta, mafuta yanapimwa na kompyuta, na kiti cha nyuma ni kipana na kina mahali pa kuegemea, kwa hivyo mama mkwe alipoitwa hospitali Embu atolewe mtoto wa jicho, na matatu humtapisha, nikajitolea nimpeleke, kwa sababu unajua kwetu mtu hagusani na mama mkwe wake, na nikaona kiti hicho kitatuweka mbalimbali kwa heshima.

Mshauri, kila mteremko nilifunga hendeli ya resi kabisa niokoe petroli kama tulivyozoea kwenye boda, na nikifunga mama anakuja mbele ananigonga mgongoni, nikifungua pikipiki inaruka, anarudi nyuma na kunishika kiuno asianguke, mama mkwe wangu, kiuno! Nilimpelekea Ndambiri, fundi wa boda hapa sokoni, akalegeza kebo ya resi, ikazidi.

Siku ya kumrudisha Kiambere, bandeji ikiwa imetolewa, tulipopita Kiritiri nilimsikia akiniita kwa jina la binti yetu, akisema, "Baba Mukami, simamisha." Nikajua amechoka na aibu. Akashuka, akageuka, akautazama mlima na theluji yake, halafu yale maji ya bwawa kule chini, machozi yakimtoka, kisha akasema, "Kumbe hivi vitu bado viko." Mshauri, mlima huo nauona kila asubuhi nikienda kukamua ng'ombe, na siku hiyo ndipo nilipouona.

Akapanda tena. Tangu hapo hajanisemesha, ila akimpigia Wawira simu anauliza, "Hiyo kitu imetengenezwa?" Naona ni lawama. Jicho la pili ni mwezi ujao na hajasema kama atakubali kwenda, na jicho hilo sasa linaona mwanga wa taa tu. Niuze pikipiki? Niende kuomba msamaha?

Gachoki, Kanja

*

Gachoki, pole, lakini pia nakugombeza. Uliipa pikipiki ya kompyuta mkono wa boda, kisha ukampelekea fundi wa boda ailegeze zaidi. Ulitarajia nini?

Nimeendesha pikipiki kama yako miaka mingi kati ya Kiirua na Meru mjini, kwa hivyo nisikilize. Ukiteremka resi ikiwa imefungwa kabisa na gia iko ndani, kompyuta yenyewe hukata mafuta, injini hainywi hata tone. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilisimama kando ya barabara nikacheka peke yangu kwa mshangao, kwamba chuma kinajua mteremko kuliko mimi. Tatizo ni pale unapofungua tena: mafuta hurudi ghafla, na kebo ikiwa imelegea mkono wako huzunguka bure kwanza, halafu kila kitu hushika kwa mpigo mmoja. Huo ndio mruko.

Basi irudishe kebo. Hendeli izunguke kidogo tu, kama unene wa sarafu mbili za shilingi ukizibandika pamoja, kabla ya kuanza kuvuta, na ukigeuza usukani huku na huku injini isibadilishe sauti. Angalia cheni, isining'inie wala isikazwe kama kamba ya nguo. Ikibaki na mruko, tafuta fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta, asafishe njia ya hewa, na asiguse skrubu asiyoijua. Kwenye kona usifunge resi kabisa: acha imeshika kidogo, ukanyage breki ya nyuma kwa upole. Jizoeze peke yako mpaka glasi ya maji ndani ya boksi la nyuma isimwagike.

Na muulize daktari kama jicho lililotoka kupasuliwa linaruhusiwa kupanda pikipiki. Halitaki vumbi wala kurushwarushwa. Akikataa, mkodishie gari, na usibishane.

Kuhusu aibu, funga begi la nguo kati yenu, lishikwe na kamba, heshima itakuwa imepata kiti chake. Msamaha mpe Wawira aupeleke, ndiyo njia yake, lakini uwe mfupi, maana nadhani umesoma vibaya hilo swali. Mwanamke aliyechukizwa na pikipiki huuliza kama imeuzwa. Huyu anauliza kama imepona. Pale Kiritiri mama huyo alipanda tena, na si kwa kukosa njia nyingine. Ameonja kitu, Gachoki, na anangoja umwite.

Kwa hivyo usiuze. Tengeneza, kisha Wawira apige simu leo, aseme neno moja: tayari.

Na siku ya kurudi, mkifika pale Kiritiri, usingoje kuambiwa. Simamisha. Mara hii atakuwa na macho mawili.