Mbuzi Waliofunga Uwanja wa Ndege

Kimamba, Jumamosi jioni. Mvua imekatika saa tisa, matope yamefika hadi mlangoni, na leo nimekula nikashiba kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Nilifanya kosa ambalo hata wanafunzi wangu wa darasa la nne wasingelifanya.

Wiki tatu zilizopita tulimzika Mzee Salehe, aliyekuwa mlinzi wa uwanja wa ndege wa shamba la mkonge. Ulikuwa uwanja wa nyasi tupu, na yeye ndiye aliyezifyeka. Sasa upande mmoja ni mahindi, upande wa pili wanalisha ng'ombe. Pale msibani mtani wake mmoja alivaa kofia na gambuti za marehemu, akaigiza Mzee anavyofukuza mbuzi huku ndege ikizunguka juu, inashindwa kutua, inaondoka zake. "Huyu na mbuzi wake ndio waliotufungia uwanja," akasema. Waliokuwa wakilia wakacheka.

Nikarudi nyumbani nikaandika humu kwenye blogu yangu: uwanja ulifungwa kwa sababu ya mbuzi wa mlinzi.

Utani nimekulia ndani yake. Najua mtani msibani ana ruhusa ya kumzulia marehemu lolote, na bado nikayachukua maneno yake nikayaita historia. Nilitaka sifa, basi. Na nilizipata, watu wakasambaza kwenye makundi ya simu.

Jumatano ukaja ujumbe. Bi Mwanahawa, mjane wa Mzee, ananiita. Yuko eda, hatoki, ila mjukuu wake amemsomea nilichoandika.

Usingizi ukapaa. Mzee hakumwachia mkewe mali, alimwachia jina, nami nimelipaka tope. Jana nikaenda Kilosa mjini kwa karani mstaafu wa shamba lile, kufanya kazi niliyopaswa kuifanya mwanzo. Akasema ndege iliondoka kweli siku ile ya mbuzi, lakini wiki iliyofuata ilirudi, na ikaendelea kuja kwa zaidi ya mwaka. Uwanja ulifungwa shamba lilipodorora. Nikaandika yote kwenye daftari.

Leo nimeingia kwa Bi Mwanahawa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa, mwalimu."

Nikaomba radhi kabla sijakaa vizuri. Halafu nikamsomea maneno ya karani, haraka haraka, nisije nikafukuzwa kabla sijamaliza.

"Ilirudi?" akauliza.

"Ilirudi, bibi. Wiki iliyofuata."

"Hebu soma tena."

Nikasoma tena. Akalia, kisha akacheka katikati ya kilio, nami nikabaki sijui nimfuate wapi.

Mbuzi walikuwa wake yeye, si wa Mzee.

Aliwafungulia asubuhi ile kwa kuwa nyasi za uwanjani zilikuwa nzuri. Meneja wa shamba alipofoka, Mzee akasema ni mbuzi wake mwenyewe. Siku chache baadaye Bi Mwanahawa akaenda kwao Tindiga kumuuguza mama yake, akakaa huko miaka miwili. Aliporudi hapakuwa na ndege tena. Miaka yote hii aliamini kwamba yeye ndiye aliyemkosesha mumewe kazi. Hakuniita anigombeze. Aliniita anitajie mwenye mbuzi.

"Hakunisema hata siku moja," alisema. "Nami nikaogopa kumuuliza."

Nimefurahi mpaka naona aibu. Kosa langu bado ni kosa, na mtani akisikia haya atanitania mpaka nihame. Lakini kifua kimekuwa chepesi, na naamini chake pia.

Nilimwambia nikifika tu nyumbani naifuta ile habari. Akakataa.

"Mbuzi usiwafute. Andika ni wa nani."

Basi naandika. Mbuzi walikuwa wa Bi Mwanahawa, na ndege ilirudi.